Tusikutane Misibani Tu

 

Sisi watu wa Tunduru, Wayao, Wamakua na Wangindo, tumetawanyika Temeke na Kinondoni. Mara nyingi tunaonana misibani.

Ndugu yetu Edward Saidi Tingatinga alituonyesha njia. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za mafuta hapa Dar es Salaam, akawafundisha jamaa zake. Alifariki 1972, kazi haikufa. Wachoraji wakaunda ushirika wao, na Oysterbay bado wanachora.

Nasi tuwe na ngoma, uchoraji, ushonaji na usafi wa mitaa, kila kabila na kila dini pamoja. Mchango wako utanunua rangi, vitambaa na ngoma. Asiye na fedha alete mikono.