Pindo la Kanga

Bwana Mwenyekiti, na ninyi wanachama wenzetu,

Tangu tarehe 1 Juni 2019, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mfuko wa kitambaa umepata soko. Sisi washonaji twautengeneza kwa kanga kuukuu. Mji ukichakaa, pindo aghalabu hubaki imara. Hilo hukunjwa likawa mikono ya mfuko, na hushonwa mara mbili, maana ndipo mzigo unapovutia. Mashati ya mtumba twayafumua, yakatoa magauni ya watoto. Nailoni hatuitaki: huyeyuka chini ya pasi.

Lakini wengi wetu hatuna hisa Chamani, kwa kuwa shamba limeandikwa jina la bwana. Twaiomba Kamati ipokee hisa zetu kutoka katika fedha ya mifuko, nasi tupige kura mkutanoni.