Kumkabidhi Kijana kwa Mlezi si Kujivua Uzazi



Katika jumuiya zetu ni jambo la kawaida mzazi kumkabidhi kijana wake kwa ndugu: shangazi aishiye karibu na shule ya sekondari, bibi aliyebaki kijijini, au mjomba mwenye kipato. Desturi hii imewaokoa watoto wengi. Lakini ugomvi huzuka siku mzazi anapomtaka mwanawe. Mzazi husema, “Damu ni yangu.” Mlezi hujibu, “Jasho ni langu.” Nasi viongozi huitwa tuwasuluhishe, hali kijana mwenyewe amekaa pembeni asiulizwe neno.

Hatuna budi kuelewa kwamba kukabidhi malezi si kutoa uzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, husema mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Humpa haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na hukataza mtu yeyote kumnyima haki hiyo, isipokuwa mahakama imeamua kwamba kuishi nao kutamdhuru sana, kutamtia katika mateso, au hakuna manufaa kwake. Kwa hiyo mlezi aliyepewa kijana kwa makubaliano ya kifamilia hawezi kumwambia mzazi, “Ulikwisha kunipa.” Hata karatasi iliyotiwa saini mbele ya mjumbe au mtendaji wa kijiji ni ushahidi wa makubaliano tu; si hukumu. Kuasili mtoto ni jambo jingine kabisa, nako huhitaji amri ya mahakama.

Ikiwa mahakama ndiyo iliyompa mlezi haki ya kukaa na kijana, mzazi asiende kumchukua kwa nguvu. Sheria hiyohiyo inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Amri ya mahakama hubadilishwa na mahakama.

Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba damu peke yake yatosha. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Shauri likifika mahakamani, kinachotangulia ni manufaa ya mtoto. Mahakama huzingatia umri wake, umuhimu wa kuwa na mama yake, na kwamba ni vema mtoto akae na wazazi, isipokuwa kama wanavunja haki zake mara kwa mara. Vilevile huzingatia kutowatenganisha ndugu, kutokatiza malezi aliyoyazoea, na maoni ya mtoto mwenyewe, mradi ayatoe pasipo kushurutishwa. Binti wa miaka 15 aliyelelewa na shangazi yake kwa miaka sita, naye yumo kidato cha pili, ana neno la kusema, na sheria yatutaka tumsikilize.

Basi tunawashauri mambo manne.

Kwanza, makubaliano yaandikwe: kijana atakaa kwa muda gani, nani atalipa gharama za shule na matibabu, na mzazi atamwona lini.

Pili, mzazi aendelee kuwa mzazi. Amtembelee mwanawe, achangie matunzo, ajue maendeleo yake shuleni. Anayenyamaza miaka mingi asishangae mwanawe akimwona kama mgeni.

Tatu, mlezi asimfiche kijana wala kumzuia asionane na wazazi wake kwa sababu ya deni la matunzo. Mtoto hawekwi rehani. Gharama zina njia yake ya kudaiwa.

Nne, mapatano yakishindikana, waende kwa Afisa Ustawi wa Jamii, na ikibidi Mahakama ya Watoto. Kazi yetu viongozi ni kupatanisha na kuelekeza. Hatuna mamlaka ya kugawa watoto. Na tukiona dalili za kupigwa, kunajisiwa au kutumikishwa, tusikae kusuluhisha. Tutoe taarifa mara moja.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya:

1. Ni vijana wangapi katika Jumuiya yetu wanaoishi na walezi? Je, wazazi wao huwatembelea?

2. Katika ugomvi wa mwisho tuliousuluhisha, je, tulimsikiliza kijana mwenyewe?