Taa Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Giaboksi

(Maneno aliyosema mwanachama wetu wa reli mbele ya wafanyakazi, Kangemi)



Nimeombwa nieleze habari ya gari langu, kwa sababu wengi wenu mnayo magari kama hilo: yametumika Japani, gia zake hujibadilisha zenyewe, na yamenunuliwa kwa mkopo wa ushirika. Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni reli. Lakini yaliyonipata yatawafaa.

Siku moja nilikuwa nikitoka Westlands kwa Waiyaki Way. Taa ya injini ikawaka, na gari likakataa kubadilisha gia. Likaja hadi hapa Kangemi kwa gia moja tu, likinung'unika. Fundi mmoja akachomeka mashine yake ndogo chini ya dashibodi, ikaonyesha P0700. Akasema, "Giaboksi imekufa. Tafuta nyingine." Bei aliyotaja ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu. Nusura niombe mkopo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Usiku ule niliwaza kama mtu wa reli. Signali ikionyesha hatari, dereva wa gari la moshi husimama. Lakini hasemi kwamba daraja limevunjika mpaka ajue kuna nini mbele. P0700 ni vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kompyuta ya giaboksi imeona kosa, ikaiomba kompyuta ya injini iwashe taa. Kosa lenyewe lina namba yake nyingine, nayo imewekwa katika kompyuta ya giaboksi. Mashine nyingi za bei rahisi hazifiki huko. Hata kule kushika gia moja si kufa. Giaboksi hujizuia hivyo ili isiharibike zaidi.

Nikatafuta fundi mwenye mashine inayosoma kompyuta zote mbili. Ikatoka P0720, yaani kuna kasoro katika njia ya umeme ya kile kipimo cha mwendo wa shafti itokayo kwenye giaboksi. Tukafuata waya, tukakuta plagi imeshika kutu ya kijani. Kosa ni langu: nilioshesha injini kwa maji ya pampu. Tukasafisha plagi, tukaikaza, tukafuta namba, tukaenda mpaka Uthiru na kurudi. Gia zikabadilika vizuri, na taa haikuwaka tena.

Basi, ndugu, shikeni mambo haya:

1. Namba zote ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kufutwa. Anayezifuta kwanza amefuta ushahidi.

2. Pimeni betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6, injini ikinguruma, kwa kawaida 13.5 hadi 14.5. Umeme ukiwa dhaifu, kompyuta huweza kulalamika bure.

3. Angalieni mafuta ya giaboksi kwa njia iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, huenda taabu iko ndani. Wala msichanganye: giaboksi ya CVT ina mafuta yake.

4. Kagueni waya na plagi: maji, kutu, meno ya panya.

5. Hayo yakiisha, ndipo giaboksi ifunguliwe.

Sisemi kwamba giaboksi hazifi. Gari likiteleza, likitetemeka au kunuka kuungua, lisimamisheni, msilazimishe. Wala sisemi mafundi ni wezi. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na wengine hawana mashine inayofaa. Lakini shilingi yetu imetoka katika jasho. Kabla hujalipa, muulize fundi kwa adabu: "Nyuma ya namba hii, kuna namba gani nyingine?" Asipokuwa na jibu, funga mfuko wako, upeleke gari kwa mwingine.