Dereva Punguza Mwendo, Mchuuzi Rudi Nyuma

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wachuuzi, waendesha bodaboda na madereva wa malori ya majani chai



Nimepewa dakika chache nizungumzie ukingo wa barabara, yaani mahali ambapo wengi wenu mnapata riziki.

Hakuna aliyesahau jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023. Katika makutano ya Londiani, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo, likagonga matatu na bodaboda, kisha likaingia katikati ya wachuuzi na abiria waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 walifariki. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote. Walikuwa wanauza, wananunua au wanangoja kurudi nyumbani.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Leo naomba tuliweke neno hilo kando, kwa sababu aliyesimama kando ya barabara ana kinga mbili: mwendo wa dereva, na umbali wake mwenyewe kutoka kwenye lami.

Nianze na madereva. Kule Marekani kuna sheria ya kusogea kando. Jimbo la South Carolina liliipitisha mwaka wa 1996, baada ya mhudumu wa ambulansi kugongwa akiwa kazini kwenye ajali. Sasa majimbo yote 50 yana sheria ya aina hiyo. Ukiona ambulansi, gari la polisi au gari la kuvuta mengine limesimama kando likiwasha taa, unahamia njia ya mbali nalo. Ukishindwa kuhama, unapunguza mwendo.

Mtaniambia barabara zetu hazifanani na zile, na ni kweli. Kutoka Kericho kwenda Litein, Kapkatet hadi Kaplong, sehemu kubwa ina njia moja tu kila upande. Ukihama bila kuangalia, unakutana uso kwa uso na trela. Kwa hiyo kwetu kusogea kando huanza na breki. Punguza mwendo kwanza. Hakikisha mbele ni kweupe. Kisha umpishe aliye kando kwa nafasi ya kutosha. Kama gari linakuja, ngoja lipite.

Na hatuhitaji kungoja sheria mpya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, tayari inasema mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji au kituo cha biashara. Chepseon ni kituo cha biashara. Kapsoit pia. Silibwet pia. Tufanye hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtoto akiingia barabarani, kabla mguu wako haujafika kwenye breki umeshapita mita 30 hivi. Na hapo lami ni kavu. Nyote mnajua mvua yetu ya alasiri, na ukungu wa asubuhi ambao hukuonyeshi hata gari lililo mbele yako.

Gari likikuharibikia, liondoe kwenye lami ikiwezekana. Washa taa za tahadhari, na uweke vibao vyekundu vya pembetatu mbali na gari, mbele na nyuma. Matawi ya miti hayaonekani usiku. Mawe nayo yakiachwa hapo huwa ajali ya pili. Abiria wasimame nje ya barabara, si nyuma ya gari.

Sasa wananchi. Ajali ikitokea, tunakimbilia kutazama. Kumbukeni Sachangwan, hapo jirani Molo, Januari 31, 2009. Lori la petroli lilianguka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Ukifika kwenye ajali, piga 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Kisha zuia umati usijae barabarani, ili ambulansi ipate njia.

Mama unayetoka alfajiri kwenda kuchuma chai, tembea upande wa kulia, ukitazama magari yanayokuja. Vaa kitu cha rangi nyeupe au reflekta. Katika mashamba mengine chai imepandwa hadi karibu na mtaro, na gari likikujia huna pa kukimbilia. Ndiyo maana ni lazima ulione mapema. Vituo vya kununulia majani navyo vipange foleni upande wa ndani, si kwenye lami.

Wachuuzi, nanyi nawaelewa. Mnauza hapo kwa sababu magari yanasimama hapo. Baada ya Londiani, serikali ya kitaifa ilitangaza kwamba masoko yaondolewe kando ya barabara kuu. Lakini kumfukuza mama mwenye viazi bila kumwonyesha pa kwenda ni kumrudisha palepale kesho yake. Barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa. Masoko, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi ya kaunti. Basi mna haki ya kutudai soko lililo nyuma ya barabara, lenye njia ya kuingilia na mahali pa matatu kusimama. Soko lisilofikiwa na mteja litabaki tupu. Vikao vya umma vya bajeti vikiitishwa, njooni mlisemee jambo hili.

Ila msingoje jengo ndipo mrudi nyuma. Leo jioni, kabla ya kufunga biashara, sogezeni meza na steji za bodaboda mbali na lami kadiri nafasi inavyoruhusu. Mteja mwenye haja ya viazi atatembea hizo hatua. Lori lililokatika breki halichagui, na kila hatua mliyorudi nyuma ni nafasi ya kuliepuka.