Tangazo limfikie mzazi

Sheria ya haki za kiraia ya Marekani ya 1964 ni mojawapo ya misingi ya wajibu wa shule za huko kuwasiliana na wazazi wahamiaji kwa lugha wanayoielewa, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Ni jambo jema. Lakini mama aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania, bila kupata shule, hataisoma barua hata ikiandikwa kwa Kiswahili fasaha. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, uliorekodiwa na mtu wa jamii yake, utamfikia. Kwa upande wa pili, wapo wanaosema gharama zitapanda na kwamba maandishi hubaki kuwa ushahidi. Hoja hiyo ina uzito, basi vitumike vyote viwili, barua na sauti, maana hata karatasi isiyosomwa imelipiwa. Swali ni hili: kabla ya kuchapisha, nani amewauliza wazazi wenyewe wanataka ujumbe uwafikie kwa njia gani?