Bei ya Kanuni: Blakijeki na Faida ya Kasino
(Mada kwa semina ya walimu wa hisabati)



Nimeombwa nitoe mfano wa kufundishia uwezekano usiokuwa wa sarafu wala dadu. Nimechagua blakijeki, karata ya ishirini na moja inayochezwa kasino, kwa kuwa kanuni zake hutofautiana meza kwa meza na kila tofauti ina bei inayohesabika. Mwenye wasiwasi kwamba tutawafundisha watoto kamari naomba asubiri tufike kwenye majibu.

Faida ya kasino ni ile sehemu ya dau ambayo, kwa wastani, mchezaji huiacha mezani. Meza yenye kanuni nzuri huchukua karibu asilimia 0.5, yaani senti 5 katika dau la dola 10. Kiwango hicho ni cha mchezaji anayefuata mkakati wa msingi, yaani uamuzi ulio bora kwa kila mkono, bila kukosea hata mara moja. Mkakati huo ulichapishwa mwaka 1956 na Wamarekani wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walioupigia hesabu kwa mashine za mezani walipokuwa jeshini. Anayecheza kwa kubahatisha hupoteza zaidi ya hapo, na takwimu zangu zote hazimhusu.

Mwaka 1962 mwanahisabati Edward Thorp alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba anayekumbuka karata zilizokwisha kutoka anaweza kuipiku kasino. Wenye kasino wa Las Vegas wakaingiwa na hofu. Aprili 1964 walikataza kutenganisha ree mbili ziwe mikono miwili, na kuongeza dau mara mbili kukaruhusiwa kwa jumla ya 11 peke yake. Kwa mchezaji wa kawaida mabadiliko hayo yaligharimu karibu asilimia 1. Wateja walisusa, meza zikadoda, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudishwa.

Miaka ya 2000 mji huohuo ulianza kueneza kanuni nyingine. Tangu zamani, mchezaji akipata ree na karata ya thamani ya kumi katika karata zake mbili za kwanza hulipwa 3 kwa 2: dau la dola 10 humletea 15. Meza mpya zikaanza kulipa 6 kwa 5, ambazo ni dola 12. Safari hii watu hawakususa, na meza hizo zimezidi kuongezeka.

Tuhesabu. Katika pakiti moja yenye karata 52, ree ni 4 na karata za kumi, pamoja na za picha, ni 16. Uwezekano wa kuanza na ree na kumi ni 2 × (4/52) × (16/51), karibu asilimia 4.8. Kwa hiyo katika michezo 1,000 atazipata kama mara 48. Mara 2 hivi mgawaji naye atakuwa nazo, iwe sare. Zinabaki 46, na kila moja imepungukiwa dola 3: jumla dola 138 katika madau ya dola 10,000. Hiyo ni asilimia 1.4, zaidi ya ile iliyowakimbiza watu mwaka 1964!

Kwa nini moja ilikataliwa na nyingine ikapokelewa? Nionavyo mimi, katazo la 1964 lilimgusa mchezaji mkononi: ana ree mbili, anataka kuzitenganisha, anaambiwa hapana. Hii ya 6 kwa 5 inamkuta anashangilia, kwa sababu ameshinda na dola 12 zinasukumwa mbele yake. Isitoshe, 6 na 5 ni namba kubwa kuliko 3 na 2. Wanafunzi wanaosema 6/5 inaizidi 3/2 tunao, na kumbe watu wazima wenye fedha zao wanawafuata.

Kanuni nyingine ni ndogondogo. Ruhusa ya kuongeza dau baada ya kutenganisha jozi humpa mchezaji asilimia 0.14, na ya kujitoa kwa kuacha nusu ya dau, mgawaji akishahakikisha kwamba hana ree na kumi, kama 0.08. Mgawaji akilazimika kuongeza karata anapokuwa na 17 yenye ree inayohesabiwa 11, kasino hupata kama 0.2. Hapa wengi hubisha, kwa kuwa mgawaji wa namna hiyo hupita 21, na hivyo kushindwa, mara nyingi zaidi. Ni kweli, ila 17 ni mkono dhaifu, na kwa ree na 6 karata moja zaidi haiwezi kumpitisha. Nafasi anazopata za kufikia 18 hadi 21 zinafidia na kubakiza. Pakiti nane badala ya moja huugharimu mkono wa mchezaji kama 0.5.

Kwa darasa napendekeza zoezi hili. Meza A ina pakiti moja, mgawaji husimama kwenye kila 17, malipo ni 6 kwa 5. Meza B ina pakiti nane, mgawaji huongeza karata kwenye 17 ya ree, malipo ni 3 kwa 2. Mengine yote ni sawa. A inaanza na nafuu ya 0.5 na 0.2, kisha inapoteza 1.4, kwa hiyo B ni bora kwa asilimia 0.7, au senti 7 katika kila dau la dola 10. Wakimaliza, waulizeni A ilipe kiasi gani ndipo zilingane. Wagawe 0.7, ambayo ni nafuu ya A kama ingelipa 3 kwa 2, kwa 4.65, ambayo ni asilimia ya ushindi wa ree na kumi baada ya kutoa sare. Watapata 0.15. Ukiitoa kwenye 1.5 inabaki 1.35: dola 13.50 kwa dau la 10.