Gari la Kikundi Nalo Linahitaji Hewa Baridi

(Mazungumzo yaliyotolewa Thika mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Ruiru na Thika)



Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni ya jamii, na kwa miaka mingi nimekaa nanyi katika mikutano ya mikopo, maziwa na karo za watoto. Leo nimeombwa nizungumze juu ya gari, nami nimekubali, kwa sababu nilishuhudia kikundi kikikaribia kuvunjika kwa ajili ya bomba moja la plastiki.

Kikundi chenyewe ni cha upande wa Ruiru. Wanachama walichanga kwa miaka mitatu wakanunua pikapu kuukuu ya dizeli, yenye tabo, iliyotengenezwa miaka ya 90. Kila asubuhi ilibeba maziwa na mboga kuja Thika, na siku nyingine ilipanda Gatundu kuchukua ndizi. Mwaka wa kwanza ilifanya kazi vizuri. Halafu ikaanza kuchoka mlimani. Dereva akaipeleka kwa fundi. Fundi akasema, "Hii inataka nguvu tu," akafungua skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Basi, wiki mbili pikapu ikakimbia, huku ikitoa moshi mweusi kama tanuri. Wiki ya tatu silinda hedi ikapasuka njiani, ndizi zikiwa juu.

Hedi nyingine ilimaliza akiba yote, hata pesa zilizowekwa kwa karo ya muhula ule. Wanachama wawili wakatoka kwa hasira. Dereva akaitwa mwizi, na hakuwa ameiba kitu. Kosa lilijulikana baadaye, na ndilo nataka tulielewe pamoja.

Tabo hufanya kazi gani?

Injini hupumua kama mtu. Haiwezi kuunguza dizeli bila hewa. Sasa, sisi wa Thika na Ruiru tunaishi kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya sita. Tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa nyingi ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya kulinda wazo hilo mwaka 1905, na tangu hapo limesaidia meli, malori na magari madogo.

Lakini hewa ikibanwa hupata moto. Hili mnalijua. Jaza upepo gurudumu la baiskeli, kisha ushike pampu upande wa chini. Si ina moto?

Tufanye hesabu. Hewa ikiingia kwenye tabo na digrii 25, na tabo ikiibana kwa kiasi cha kawaida cha gari kuukuu, itatoka na kama digrii 90. Lakini ikiwa imevutwa kutoka chini ya boneti, karibu na ekzosi, huenda ikaingia na digrii 55. Hiyo itatoka na zaidi ya digrii 120. Na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo inayoenea ndani ya silinda ni kidogo. Kwa makadirio, kila digrii 3 hewa inapopoa, uzito wake katika nafasi ile ile huongezeka kwa asilimia 1.

Hewa ikipungua na dizeli ikibaki ile ile, dizeli haiungui yote. Hapo ndipo mnaona moshi mweusi, na injini inazidi kupata joto. Je, mama akiona jiko linatoa moshi kwa kukosa hewa, huongeza kuni? Hapana. Hufungua mlango wa hewa kwanza. Fundi yule aliongeza kuni. Katika injini ya dizeli, kuongeza mafuta bila kuongeza hewa ni kuongeza moto, na moto huo unaweza kuharibu pistoni, tabo na hedi.

Kipimajoto cha maziwa

Hedi mpya ilipofungwa, gari likachoka tena. Safari hii mwanachama mmoja, mama anayepima maziwa, aliuliza swali rahisi: "Hiyo hewa inaingilia wapi?" Wakafungua boneti. Kumbe bomba la plastiki linaloleta hewa ya nje, kutoka nyuma ya taa mpaka kwenye kasha la filta, halikuwepo. Lilivunjika siku ya sevisi, likatupwa. Gari lilikuwa linavuta hewa iliyochomwa na injini yenyewe.

Mama akaleta kipimajoto cha maziwa. Injini ikiwa imezimwa, wakakifunga kwa waya nje ya mdomo wa kasha la filta, kisha wakaenda Thika na kurudi. Kivulini kulikuwa na digrii 27. Mdomoni mwa kasha, digrii 58. Walipopata bomba lingine kwa mtu wa vipuri vikuukuu, kipimo kikashuka hadi 33. Bei ya bomba ilikuwa chini ya faida ya siku moja ya maziwa. Halafu pampu ikapelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia, skrubu ikarudishwa mahali pake. Moshi ukaisha, na Gatundu wanapanda mpaka leo.

Mambo ya kuangalia, kwa utaratibu

1. Njia ya hewa. Hakikisheni bomba la kuvuta hewa ya nje liko, halina ufa, na linafika kwenye kasha bila pengo.

2. Filta. Vumbi la barabara za murram huiziba, tabo ikatumia nguvu zaidi kuvuta, na hewa ikazidi kupata joto. Badilisheni mapema. Msiendeshe gari bila filta hata siku moja, maana vumbi hula tabo.

3. Mipira na klipu kati ya tabo na injini. Tafuteni nyufa, alama za oili, au sauti ya mluzi gari likipanda. Hewa ikivuja, tabo huzunguka zaidi na injini haishibi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4. Intakula. Hii ni kama rejeta, ila hupoza hewa badala ya maji. Pajero nyingi kuukuu zinayo juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Osheni mapezi yake kwa maji yasiyo na kasi kubwa, yasije yakapinda. Ndani, fundi aondoe oili iliyoganda. Raba inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula iwepo, la sivyo upepo hupita pembeni. Na msizibe upepo wa mbele kwa magunia au mbao za matangazo.

5. Kinga ya joto. Kama kile kibati kati ya ekzosi na mabomba ya hewa kimetolewa, fundi wa jua kali anaweza kukata kingine. Aache nafasi, kisiguse ekzosi. Msitumie gunia, nguo wala plastiki. Huo ni moto unaongoja siku yake.

6. Dereva. Baada ya mlima au mwendo wa kasi, aache injini iunguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili ipoze tabo. Na mlimani atumie gea ndogo, asikandamize mafuta huku injini inalemewa.

Wengine wameniuliza juu ya kufunga intakula katika gari ambalo halikuwa nayo, kama yale ya Toyota yenye injini ya 2L-T. Inawezekana, na inasaidia ikifungwa mahali penye upepo. Lakini hiyo iwe hatua ya mwisho, baada ya hizo sita. Nanyi mkumbuke kwamba hewa baridi haitibu rejeta iliyoziba. Gari likipunguza maji au likichemka, simamisheni kwanza mtafute sababu hiyo.

Mali bila daftari

Ndugu zangu, katika kikundi kile kila mtu alijua nani anadaiwa shilingi mia. Hakuna aliyejua bomba limetupwa lini. Fundi alisema halina kazi, dereva akanyamaza, kamati haikuuliza, kwa sababu gari la wote lilikuwa gari la dereva. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bomba pia ni mali.

Siku hizi wana daftari la gari. Kila Jumamosi wanachama wawili, kwa zamu, hufungua boneti pamoja na dereva na kuandika walichoona. Kitu chochote kinachotolewa kwenye gari huletwa mkutanoni, hata kama kimevunjika. Dereva ameombwa msamaha mbele ya wote. Mmoja wa wale wawili waliotoka amerudi. Mwingine bado, na kiti chake bado kinawekwa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mali yetu ya pamoja, ni kitu gani ambacho mtu mmoja tu anakijua?

2. Fundi akishauri jambo, ni nani miongoni mwetu humuuliza "kwa nini"?

3. Jumamosi ijayo, nani atafungua boneti, na ataandika wapi?